Fundi Inaam na Maua Yaliyobaki Ndani ya Diski

Asubuhi, kabla muuza maharage ya ful wa pale kona hajafunua chungu chake, Inaam Abdel-Mawgud ameshaifunua kompyuta ya watu. Ameilaza juu ya meza ya mbao, bamba lake la juu amelisimamisha ukutani, na kwa kibanio cha kung'olea nyusi anavuta vumbi la pamba lililojishindilia ndani ya pangaboi. Linatoka kipande kizima, laini, rangi ya waridi iliyopauka, mtu angedhani ni shali ya mwanasesere.

"Pamba ya waridi hii ni ya kwa Hajati Nabawia," anasema. "Ya bluu ni ya wale wa taulo, nyuma ya stesheni. Nyeupe tupu ni ya wafumaji wa mashuka ya hospitali. Mahalla hapa huna haja ya kuandika jina lako kwenye mashine. Pua yake inakutaja."

Leo hata hivyo hakuna cha kubahatisha, maana Hajati Nabawia mwenyewe ameketi pale pale kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, na amekataa chai. Wanaomjua wanajua kwamba Hajati Nabawia kukataa chai ni jambo la kupigiana simu.

Pembeni yake yuko shemeji yake, Ami Bayumi, mzee mrefu wa kanzu ya kijivu. Mikono yake ameikalia. Ameikalia kwelikweli, mmoja chini ya paja hili, mwingine chini ya paja lile, kwa sababu akiiachia inatetemeka na kugonga gilasi za wenzake.

Mbele yao, juu ya kitambaa safi, kuna kitu kilichowakusanya. Ni diski ya ndani ya ile kompyuta, diski ya zamani, nzito kama kipande cha tofali. Humo mna maua yote aliyoyachora Ami Bayumi enzi mikono yake ikimtii. Na diski hiyo imegoma kuzunguka.

"Ikigoma na leo," anasema Hajati Nabawia, "nafunga karakana. Nitauza taulo za watu kwenye mkokoteni."

"Utauza nini wewe?" Ami Bayumi anamjibu. "Mkokoteni wenyewe utaugombeza mpaka ukimbie."

Hakuna anayecheka sana.

Inaam ana miaka hamsini na saba, na ni fundi wa kompyuta kongwe, zile za mwanzo mwanzo, za skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Chumba chake cha kazi kiko juu ya duka la vifungo. Ukipanda ngazi unapita mbele ya makopo ya vifungo vya kila rangi, halafu unakutana na harufu ya risasi ya kuchomelea na ya vitunguu, kwa sababu jiko la nyumba ya jirani limeelekea dirishani kwake.

Mtu wa mji mwingine anaweza kuuliza kompyuta hizo bado zinafanya nini duniani. Mahalla el-Kubra hawaulizi. Huku ni mji wa kufuma nchini Misri, na karakana ndogo nyingi zilinunua mitambo yao miaka ya tisini mwanzoni, kila mtambo na kompyuta yake ya kuupa michoro. Mitambo ile ni chuma kitupu, bado inafuma. Kompyuta ndizo zinazochoka, na mtambo haukubali kompyuta mpya.

"Mtambo ni mume wa kizamani," anasema Inaam. "Hataki kupikiwa na mwingine. Sasa mimi kazi yangu ni kumtunza huyo mke, nisimwache afe."

Kumtunza maana yake ni kuondoa diski ile nzito na kuweka kadi ya kumbukumbu, ndogo kama biskuti ya chai, isiyo na kitu cha kuzunguka wala kusagika. Programu zote huhamishwa, faili zote huhamishwa, na zile zinazochukua nafasi bure huachwa. Kwa mashine moja hulipwa pauni mia nane, ambazo sokoni ni kilo mbili za nyama. Kuna mwezi wa mashine sita, na kuna mwezi wa mashine moja na shukrani.

Kazi hii hakuisomea. Alikuwa na diploma ya biashara, akaajiriwa kupiga chapa na kupokea wateja katika duka lililouza kompyuta za kwanza kufika mjini. Fundi wa duka alikwenda kutafuta maisha Ghuba, akasema atarudi baada ya Idi. Hakurudi. Wateja wakawa wanakuja na mashine zao zimefungwa kwenye blanketi kama wagonjwa, na aliyekuwapo dukani ni binti Inaam na bisibisi ya yule bwana.

"Nikaanza kwa kusikiliza," anasema. "Diski yenye afya inanguruma polepole, paka aliyeshiba. Yenye maradhi inapiga, tak, tak, tak. Hiyo usiiwashe tena mpaka ujue unataka kuiuliza nini, maana huenda ikakujibu mara moja tu."

Siku hizo kabla ya kuihamisha kompyuta ilibidi uiamuru kwanza ilaze vichwa vyake vinavyosoma diski, visije vikaikwaruza njiani. Watu walisahau. Walipakia mashine kwenye mkokoteni wa punda, katikati ya matikiti maji, wakaja nayo wakirukaruka kwenye mashimo. Inaam alikuwa akisikia kwato tu, anatoka kibarazani na kupiga kelele: "Umeilaza? Wewe bwana, umeilaza?" Mpaka leo wazee wa mtaa wakimwona hupenda kumtania hivyo hivyo. Hata kwenye harusi ya mwanawe, bwana harusi alipokuwa akimpandisha bibi harusi garini, kuna mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama wamemlaza, na Inaam akakimbia kujificha nyuma ya keki.

Lakini jambo la Hajati Nabawia halikuwa la utani.

Karakana yake aliachiwa na marehemu mumewe. Ina mtambo mmoja wa matandiko ya kitanda, yale mazito ya maua, ambayo kila mama wa Mahalla anataka yawemo kwenye vyombo vya harusi vya binti yake. Siku ya kuhamisha vyombo, vinapangwa juu ya magari ya mizigo na kuzungushwa mjini kwa ngoma na vigelegele, na tandiko hutandazwa juu kabisa, watu walione. Karakana kubwa zina mitambo mipya na bei nafuu. Kinachomfanya mtu apite hizo zote aende kwa Hajati Nabawia ni maua ya Bayumi peke yake.

Maua hayo aliyachora kwenye kompyuta, mraba mmoja mmoja, kwa vidole viwili. Hapo awali yalikuwapo pia kwenye karatasi za miraba, rundo zima chini ya kitanda. Hajati Nabawia akifanya usafi wa Ramadhani aliliona rundo, akaona mende, akaliuza kwa kilo kwa muuza mbegu za kukaanga.

"Mtaa mzima ulikula mbegu za tikiti kwenye mawaridi yangu," anasema Ami Bayumi. "Nami nilinunua. Nilikuta jani langu, nikalikunjua, lina chumvi."

"Nilijua vipi? Ulikuwa unasema yote yamo kwenye mashine!"

"Si yamo."

Ni kweli yalikuwamo. Wiki iliyopita Inaam alikwenda karakanani kuihamisha mashine hiyo kwenye kadi, baada ya kusikia diski imeanza kulalamika. Ami Bayumi hakuwapo, alikuwa amepelekwa mji wa Tanta kwa daktari wa mishipa. Kazi ilikwenda vizuri mno. Inaam alipunguza takataka zilizojaa kwenye programu za kuwashia, akanakili kila kitu, na mashine ikaandika yenyewe kwamba kazi imekwisha salama. Ikawaka upesi kuliko siku ilipokuwa mpya. Hajati Nabawia akaagiza keki za basbusa, na wafanyakazi wakala mpaka shira ikawatiririka mikononi.

Kisha Hajati akataka kuliona ua moja. Inaam akafungua orodha. Palikuwa na mistari na miraba, ile michoro ya majaribio iliyokuja na mtambo kutoka kiwandani. Maua hayakuwapo hata moja.

"Inaam, mwanangu," alisema Hajati, na sauti yake ilikuwa ndogo, "maua umeyaweka wapi?"

Inaam aliirudishia diski ya zamani mahali pake. Ikapiga tak, mara moja, ikanyamaza.

"Nilikwenda nyumbani nikapika bamia bila chumvi," anakumbuka. "Mume wangu akala, akamaliza, akasema Mungu aibariki mikono yako. Nikajua basi, uso wangu umetisha. Huyu si mtu wa kusamehe bamia."

Sababu aliijua siku mbili tatu baadaye, Ami Bayumi alipopanda zile ngazi akihema na kuketi kwenye kiti cha plastiki.

"Ami, maua yako uliyaita nani?"

"Niliyaita majina yao."

"Kwa herufi za Kizungu? Kama muuzaji alivyoagiza?"

"Niandike kwa herufi za wageni vitu vya nyumbani kwangu?" mzee akashangaa. "Niliandika Kiarabu, kama watu."

Inaam alijishika kichwa. Kompyuta zile zilizaliwa hazijui Kiarabu. Kulikuwa na programu ndogo ya kuzifundisha, na ilibidi ipakiwe kila asubuhi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mashine ikizimwa husahau kusoma. Wauzaji waliwaonya watu wasiyape mafaili majina ya Kiarabu hata hivyo. Kila mtu Mahalla aliitikia ndiyo, na kila mtu akaenda zake kuyapa.

Na ile programu ndogo ya Kiarabu ndiyo Inaam aliyoiona kuwa takataka. Mtambo unataka namba tu, alijiambia, nani anaandika barua humu? Akaiondoa. Mashine isiyojua kusoma ikanakili kila chenye jina inalolifahamu, na yale mengine ikayaruka kimya kimya.

"Kosa ni langu," aliwaambia wote wawili, siku ile ile, bila kuzungusha. "Sikuuliza. Maua yamo ndani bado. Ila diski izunguke mara moja tu, mara moja."

Ndiyo hiyo mara moja inayongojwa asubuhi hii.

Inaam amemaliza kuisafisha mashine. Anaichukua diski, anaizungushia taulo na kuiweka chini ya taa ya meza ipate joto. Kwa uzoefu wake, diski kongwe ikilala muda hushikana na vichwa vyake. Kuilazimisha kwa nguvu ni kuivunja. Joto kidogo, kisha mzunguko mmoja wa kifundo cha mkono, mkali na mfupi, kwa kipimo kile cha kufungua mtungi wa samli uliokaza, wakati ule ule umeme unapoingia.

Tatizo ni kwamba mkono mmoja unashika diski, mwingine unashika waya wake, na swichi iko nyuma ya mashine.

"Hajati, utawasha wewe."

"Mimi? Mimi sigusi! Nimeshauza karatasi, sasa niue na mashine?"

"Niwashe mimi," anasema Ami Bayumi, akiutoa mkono chini ya paja.

"Wewe na mkono huo utaiwasha mara kumi na kuizima mara kumi na moja!"

"Basi nitawasha kwa kiwiko. Kiwiko changu bado kijana."

Inaam anaipakata diski kiganjani. Kwenye tundu la disketi ameshaweka programu ya Kiarabu, nakala yake mwenyewe ya tangu usichana, na kadi mpya iko mahali pake. Anavuta pumzi. "Sasa, Ami."

Kiwiko kinashuka. Taa inawaka. Inaam anazungusha kifundo. Tak. Kimya.

Hajati Nabawia anaanza kusoma dua kwa kunong'ona, kisha anasahau katikati na kuanza upya.

"Zima, Ami. Tungoje ipoe... hapana, ipate joto tena. Msiseme nami."

Chini dukani mwanamke anabishania vifungo vya koti. Taulo inarudi chini ya taa, na Inaam anaipapasa kila baada ya muda kwa mgongo wa mkono, anavyopima maziwa ya mtoto. Kisha anaichukua diski tena, safari hii anaisimamisha upande wa ubavu, kidole gumba juu ya kibandiko kilichochujuka.

"Sasa."

Anazungusha. Kwanza hakuna kitu. Kisha unasikika mvumo mwembamba, kama wa nzi aliyenaswa ndani ya gilasi, unapanda, unapanda, unanenepa, na chumba kizima kinanguruma.

"Asiguse mtu meza!" Inaam anasema. "Asikohoe mtu!"

Safari hii Kiarabu kwanza. Anaipakia programu, anasubiri, anafungua orodha, na pale ambapo wiki iliyopita hapakuwa na kitu, majina yanateremka kwenye skrini, kutoka kulia kwenda kushoto, ya kijani. Waridi. Bustani. Dirisha. Jasmini. Anaanza kunakili, na majina yanapita moja moja kwenda kwenye kadi.

Ami Bayumi amesogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa skrini. "Huyo yupo," anasema kila linapopita jina. "Huyo yupo. Huyo, ah, nilimsahau huyo."

Halafu linapita jina: Nabawia. Linafuata: Nabawia mbili. Linafuata: Nabawia tatu.

"Ni nini hiyo?" anauliza Hajati Nabawia.

Ami Bayumi anarudisha mikono chini ya mapaja.

"Shemeji, nimekuuliza. Nabawia ni ua lipi?"

"La kwanza ni lile la miba."

"La miba!" Mkoba unampata begani. "Na la pili?"

"La pili lina miba zaidi. Mlikuwa mmegombana na marehemu mwezi ule."

"Na la tatu wewe mzee usiye haya?"

"La tatu," anasema Ami Bayumi, akijikinga na kiwiko kile kile kijana, "ndilo waridi kubwa la majani mawili. Lile mabinti wote wanalolitaka. Umekula mkate wake miaka yote hiyo, hukuwahi kuuliza jina lake."

Mkoba wa Hajati Nabawia unabaki juu juu. Kisha anaushusha taratibu na kuanza kutafuta leso ndani yake, na haionekani upesi.

Mashine inaandika kwamba imemaliza. Safari hii Inaam haiamini. Anayafungua maua moja moja kutoka kwenye kadi, yote, mpaka la mwisho, huku diski ya zamani ikiendelea kunguruma kiganjani mwake. Ndipo anapozima. Mvumo unashuka, unakonda, unakwisha. Inaam anakaa sakafuni pale pale alipo, na anacheka kicheko cha mtu aliyepewa habari kwamba mgonjwa ameomba chakula.

"Sasa chai," anasema Hajati Nabawia. "Sukari nne. Na huyu msimpe."

Kabla ya adhuhuri wako karakanani, wao na kompyuta yao. Kadi imefungwa kwenye leso, na Hajati Nabawia ameishika kwenye tuktuk kwa mikono miwili njia nzima. Mtambo unapokea mchoro, unajikohoza, unaanza kugonga, na vumbi la pamba linapaa. Waridi kubwa la majani mawili linatoka polepole, mstari kwa mstari. Wafanyakazi wanapiga makofi. Mmoja anapiga kigelegele, na ni mwanamume.

Ami Bayumi anaukaribia mtambo na kukiinamia kitambaa.

"Ua hili lilikuwa na ndege," anasema. "Hudihudi, juu ya tawi, ametandaza kishungi. Nilikuwa naye kichwani. Diski ikasema imejaa. Nikafuta tawi, nikaweka jani la pili, nikafunga kazi." Anamgeukia Inaam. "Hiyo biskuti yako, ina nafasi ya ndege?"

"Ami, ina nafasi ya ndege wote wa Misri na mayai yao."

"Basi nafasi ipo na mikono imekwenda."

"Kwani mimi hapa nina kwato?" anasema Inaam.

Mpango wake sasa ni huu. Kuna karakana nyingi Mahalla zenye diski za umri huo huo, na anataka azifikie zote kabla hazijanyamaza, na kila mlango atakaopita ataanza kwa kuuliza mafaili yaliitwa nani na kwa lugha gani. Hilo ni la siku za kazi. Jumamosi ameitenga kwa ndege wa Ami Bayumi. Hajati Nabawia ameshasema kila Jumamosi kutakuwa na bata, na hataki kusikia habari ya malipo wala ya kukataa bata.

Lakini Ami Bayumi haoni sababu ya kungoja Jumamosi. Ameshavuta kiti mbele ya kompyuta na kukipigapiga, Inaam akae. Yeye anasimama nyuma yake na kufumba macho.

"Tunaanza na mdomo wake," anasema. "Nyeusi. Nyeusi. Ruka mmoja. Nyeusi. Taratibu, mwanangu, mdomo wa hudihudi ni mrefu."